Kiwiko

Kinyozi wa jirani na stesheni ya Tabora
hajui majina yao. Aliwakuta ukutani
alipopanga chumba: kioo, kiti cha kuzunguka,
na wanaume kumi na mmoja wa Karakana ya Reli,
mwaka sitini na tisa, mikono kifuani
kama watu waliocheleweshewa mshahara.

Mjukuu wangu ameinamisha kichwa chini ya mashine.
Mimi nimesimama, nawasoma.

Huyu wa kati, mpira mapajani, ni Kasanda Mlolwa,
beki aliyepiga mashuti kwa kidole gumba
maana kiatu chake cha kulia kilikuwa kinacheka.
Huyu Feruzi, mtu wa Ujiji, winga ya kushoto:
asubuhi alikata tiketi, jioni alikata mabeki.
Na kipa, Shija Mpandachalo, amefumba macho.
Mpiga picha alihesabu moja, mbili,
na Shija hakuwa mtu wa kungoja tatu.
Hata penalti alikuwa akiruka mapema.

Nyuma yao ndio uwanja wenyewe.
Ua wa mataruma yaliyostaafu,
jukwaa la mabati, limepakwa rangi ya mabehewa
kwa kuwa ndiyo rangi iliyoweza kuibwa.
Siku hizi pale pana ghala la tumbaku.
Nilipita juzi. Mlinzi akaniuliza langoni,
"Unamtafuta nani, mama?"
Nikamjibu, "Kona ya kaskazini."
Akaniambia huyo hafanyi kazi hapa.

Sasa tazama kulia, pale fremu inapoibana karatasi.
Kuna kiwiko.
Kiwiko tu, na ukingo wa ndoo,
na kovu linalong'aa mahali
tanuri la garimoshi lilipomlamba mtu.

Baba hakucheza. Baba alikuwa mtu wa barafu.
Treni ya Kigoma ikiingia na behewa la samaki
yeye yuko mlangoni, anabembeleza pande moja,
analifunga kwa gunia na vumbi la mbao,
analikimbiza uwanjani kwa baiskeli, linavuja njia nzima.
Mapumziko, magoti yote ya Karakana
yalipita mikononi mwake.
Sisi watoto tuliwania vipande vilivyodondoka.
Vilinuka mgebuka. Tulivinyonya hivyo hivyo.

"Niuzie," nikamwambia kinyozi.
Akakataa, kwa adabu. "Nikiitoa, mama,
ukuta utabaki na doa jeupe,
na kila mteja ataniuliza palikuwa na nini."
"Basi ifungue. Karatasi imekunjwa pale pembeni."

Akazima mashine, mjukuu nusu kichwa kipara,
akang'oa misumari minne kwa ncha ya mkasi.

Kweli ilikuwa imekunjwa.
Ndani ya mkunjo, vumbi jekundu, laini kama poda.
Mchwa. Walianzia kwenye kofia,
wakala uso, wakala bega,
wakateremka na mkono mpaka kwenye kovu,
wakaacha hapo, kama waliosikia filimbi.

Kinyozi akasema pole. Hakujua afanye nini,
akatafuta kalamu.
Nikamtajia majina, akayaandika mgongoni mwa picha,
Mpandachalo akilikosea mara mbili.
La kumi na mbili nililiandika mwenyewe,
kwa mwandiko wangu wa darasa la nne:
*Mihayo Kapaya. Ndoo.*

Picha ikarudi juu ya doa lake.
Mashine ikanguruma tena.
"Bibi," mtoto akauliza kwenye kioo, "walishinda?"

Sikumbuki.
Nakumbuka jua la saa kumi, meno yanauma kwa baridi,
chumvi ya samaki ulimini,
na baba anatukimbiza na ndoo yake tupu:
"Temeni! Temeni, nyie!
Hilo ni la goti la Kasanda!"